Nani Alipie Tangi la Fremu? Tunduma na Hesabu ya Majengo ya Kijani

Hakuna dirisha katika ofisi za Halmashauri ya Mji wa Tunduma ambako mfanyabiashara anaweza kupeleka ramani ya jengo lake, akaonyesha paneli za sola juu ya paa na tangi la maji ya mvua chini ya sakafu, kisha akarudi nyumbani na hundi ya kumpunguzia gharama. Halipo Vwawa kwenye makao makuu ya mkoa, wala Itumba kule Ileje. Ruzuku kwetu hutoka Hazina, hushuka hadi halmashauri, na huishia kwenye madarasa, zahanati, barabara na vyoo vya shule. Kwamba ingeshuka ngazi moja zaidi hadi kwa mwenye ghorofa la maduka pale Sogea ni jambo ambalo hata diwani msemaji sana hajalizoea.

Hata hivyo swali lenyewe linastahili kuulizwa Tunduma mapema kuliko kwingine, kwa sababu Tunduma inajengwa sasa. Sensa ya 2012 iliukuta mji na watu wasiofika laki moja. Ile ya 2022 ikawakuta zaidi ya 219,000. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na mwaka 2019 Marais John Magufuli na Edgar Lungu wakazindua kituo cha pamoja cha forodha kati ya Tunduma na Nakonde. Malori ya shaba yanashuka kwenda bandarini, ya mafuta, mbolea na bidhaa za dukani yanapanda kwenda Zambia na Kongo, na kila dereva anayekwama kwenye foleni anahitaji kula, kuoga, kulala na kubadilisha fedha. Ndiyo maana mji unaota fremu.

Namna fremu hizo zinavyojengwa ndiyo inayobeba jibu la mambo mengi. Mtu anachimba msingi, anasimamisha fremu sita, anazipangisha lipu haijakauka, kodi yake inanyanyua ghorofa ya kwanza, na nondo zinaachwa zikichungulia angani kusubiri ghorofa ya pili. Ni ujenzi wa fedha taslimu, wa kidogo kidogo, na wengi wanaoujenga hawajawahi kukopa benki kwa ajili ya jengo. Mipango ya ruzuku inayosifiwa katika nchi tajiri ilibuniwa kwa ajili ya jengo linaloanza na kumalizika kwa mkupuo, lenye mkandarasi mmoja, benki moja na cheti kimoja mwishoni. Jengo la Tunduma halina mwisho wa namna hiyo. Ukisema utamlipa mwenyewe akikamilisha, utasubiri miaka kumi na miwili.

Jambo la pili ni jengo lenyewe: liweje ndipo liitwe rafiki wa mazingira hapa? Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa na watu wanaopambana na viyoyozi. Dar es Salaam vita hiyo ni ya kweli. Ghorofa la vioo linaanza kula umeme saa mbili asubuhi, na aliyelichora alijua fika kuwa mji uko kwenye joto la pwani. Tunduma iko nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita muuza duka anafungua akiwa amevaa koti. Anayetaka kutoa ruzuku ya kupunguza viyoyozi atatafuta wa kumpa asimwone. Mzigo ambao jengo la biashara linauweka kwenye mazingira ya Songwe uko katika matofali yake, maji yake, choo chake na jiko lake.

Tuanze na matofali. Tofali la kuchoma linapendwa mkoani kwa sababu zinazoeleweka: udongo upo, fundi yupo, na fedha inabaki kijijini. Lakini tanuru halichomwi kwa maneno. Linachomwa kwa magogo, na magogo yanatoka kwenye miti ile ile ya miombo ambayo maofisa misitu wanahangaika kuilinda. Mbadala wake unajulikana siku nyingi. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukihamasisha matofali ya kufungamana, yanayotengenezwa kwa udongo na sementi kidogo, yakashindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa kivulini. Hayahitaji kuni hata kijiti, na ukuta wake unatumia udongo kidogo wa kuungia. Kwa nini basi hayajaenea? Mashine ina bei, fundi wa kawaida hakufundishwa kuyapanga, na mteja haamini tofali ambalo halijapita kwenye moto. Vikwazo vyote vitatu vinaweza kuondolewa kwa fedha ya umma isiyo nyingi, na hakuna hata kimoja kinachohitaji fedha hiyo impitie mwenye ghorofa.

Maji ndiyo suala zito kuliko yote. Tunduma ni mji uliozoea shida ya maji: dumu kichwani, toroli barabarani, boza kwa mwenye gesti. Kwa hiyo wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kuvuna maji ya mvua, na hesabu ya haraka inavutia. Paa la mita za mraba 500, sawa na jengo la fremu kama ishirini, likinyeshewa milimita 1,000 kwa mwaka linapokea lita 500,000. Toa zinazopotea kwa kurushwa na kuvuja, chukulia moja ya tano, unabaki na lita 400,000. Tatizo ni kwamba mvua za huku huja kwa msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Simtanki la lita 10,000 litajaa Desemba na kumwaga mpaka Aprili. Septemba litakuwa tupu, wakati ambapo boza ndilo linalopanga bei. Simtanki moja pembeni ya jengo linamsaidia mwenyewe katika miezi ambayo hana shida kubwa na kumwacha katika miezi ya shida. Ukitaka maji ya mvua yafike kiangazi unahitaji tangi kubwa la zege chini ya ardhi, na tangi hilo huchimbwa kabla ya msingi kumwagwa. Nafasi hiyo ikipita imepita. Hii ndiyo sababu msaada wowote wa maana kwa jengo la kijani Tunduma lazima umfikie mjenzi siku ya kibali, na ule unaotolewa kama zawadi siku ya uzinduzi unakuja wakati kila kitu kimeshaamuliwa.

Tanzania ilishawahi kulijua hili vizuri. Soko Kuu la Kariakoo, lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lina mapaa ya zege yanayofanana na miamvuli iliyopinduliwa, yaliyosanifiwa kukusanya maji ya mvua na kuyashusha kwenye matangi chini ya jengo. Hewa inapita juu, mwanga unaingia bila taa, na mzigo wa jua unakatwa na kivuli cha paa lenyewe. Hakuna aliyeliita jengo la kijani, na hakuna aliyelipiwa cheti. Lilikuwa jengo la biashara, la umma, lililojengwa kwa fedha ya umma na msanifu Mtanzania aliyefikiria mvua na joto kabla ya kufikiria sura. Nusu karne baadaye masoko mengi ya halmashauri zetu yanajengwa kama maghala: bati juu, kuta pande nne, taa zinawaka saa sita mchana.

Vyoo nitavipitia haraka kwa kuwa havina siri. Miji mingi ya Tanzania haina mabomba ya majitaka, kila jengo lina shimo lake, na gesti ya madereva inajaza shimo kwa kasi ambayo nyumba ya familia haiwezi kuifikia. Jengo lenye chemba iliyojengwa vizuri na lenye njia ya gari la kunyonya majitaka ni jengo la kijani kuliko lenye sola na shimo linalovuja kuelekea kisima cha jirani. Lakini hakuna mfadhili anayependa kupigwa picha na chemba.

Jikoni mambo yanachanganya zaidi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na kabla ya hapo serikali ilishaziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa. Hoteli na migahawa ya mpakani haijifichi mbali na agizo hilo. Songwe ina jibu lake la kipekee: makaa ya mawe ya Kiwira–Kabulo, upande wa Ileje, ambayo STAMICO, shirika la madini la taifa, huyatengeneza kuwa mkaa mbadala uitwao Rafiki Briquettes. Ukiuliza kama makaa ya mawe ni nishati ya kijani, mtaalamu wa hali ya hewa atacheka. Ukiuliza kama yanapunguza kukatwa kwa miti Momba, ofisa misitu hatacheka. Mpango wowote wa ruzuku utalazimika kuchagua unamsikiliza nani kati ya hao wawili, na ni vizuri uchague kwa sauti badala ya kuacha jambo hili lijifiche ndani ya fomu.

Umeme nimeuacha mwisho makusudi, kwa kuwa kila mazungumzo ya majengo ya kijani huanzia kwenye sola na mara nyingi hayatoki hapo. Uniti moja ya TANESCO kwa mtumiaji wa kawaida, tozo zote zikiwemo, ni kama shilingi 356. Fremu ya kuuza simu au nguo yenye taa chache na feni haifikishi uniti 60 kwa mwezi. Bili yake ni kama shilingi 21,000. Kwa kuokoa kiasi hicho, paneli na betri zitachukua miaka kujilipa. Anayefunga sola Tunduma leo ananunua uhakika wa kutokukatikiwa, hasa mwenye friji ya samaki, mashine ya kusaga au kompyuta za stakabadhi za forodha. Ng'ambo ya pili ya mpaka uhakika huo una bei inayoonekana: mwaka 2024 ukame ulilishusha ziwa Kariba, Zambia ikatangaza janga la kitaifa, na mgawo wa umeme ukafika mahali watu wanapata saa chache tu kwa siku. Tanzania imepata bwawa la Mwalimu Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na njia kuu ya kuunganisha gridi yetu na ya Zambia inapita mkoani humu. Kadiri umeme wa gridi unavyoimarika, hoja ya kutoa fedha ya umma kwa sola za madukani inapungua nguvu, na hoja ya matangi na matofali inabaki pale pale.

Sasa tuseme halmashauri imekubali kuyasaidia majengo ya namna hii. Ina kitu gani mkononi cha kutoa?

Chombo ambacho miji mingi duniani hukikimbilia kwanza ni kodi ya majengo: punguza kodi kwa jengo linalotunza mazingira, ongeza kwa lisilotunza. Tunduma haina chombo hicho. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA), thamani ya jengo ikaachwa na viwango vya mkupuo vikachukua nafasi yake, na tangu 2021 kodi inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Sheria ya Fedha ya 2023 iliipandisha hadi shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Ghorofa lililojengwa kwa kuni za misitu miwili na lile lenye tangi la zege chini yake yanalipa sawa sawa. Anayeweza kubadili hilo yuko Dodoma.

Ushuru wa huduma unakokotolewa kwa mauzo ya biashara, haujui lolote kuhusu kuta. Ada ya kibali cha ujenzi ni ndogo mno ukiilinganisha na gharama ya jengo. Ukiisamehe, mwenye ghorofa atashukuru kwa adabu na kuendelea na ramani yake ya zamani. Sheria ndogo zinaweza kutungwa na baraza, lakini lazima zipate ridhaa ya waziri mwenye dhamana. Inabaki asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo tangu 2018 sheria inalazimisha ikopeshwe bila riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa mgawanyo wa nne, nne na mbili. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya malalamiko ya vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Haiwezi kumfikia mwenye ghorofa, na haipaswi. Lakini inaweza kumfikia kijana wa Mpemba mwenye mashine ya matofali ya kufungamana, au kikundi cha wanawake kinachosuka nondo za matangi ya zege. Sheria ya manunuzi ya umma nayo inatenga asilimia 30 kwa makundi hayo hayo. Ukiyaunganisha mawili hayo, halmashauri inamkopesha mtengeneza tofali kwa mkono wa kushoto na kununua tofali lake kwa mkono wa kulia, na bei ya tofali la kijani sokoni inashuka kwa kila mtu, hata kwa asiyejua kuwa kuna mpango.

Nalipendelea hili kuliko hundi ya moja kwa moja kwa sababu ya tatizo ambalo wenye fremu wanalijua bila kuhitaji mchumi awaeleze. Mwenye jengo ndiye anayelipia sola, tangi na dirisha kubwa. Mpangaji ndiye anayenunua umeme na maji. Faida inakwenda kwa asiyegharamia. Tunduma jambo hili limekaziwa na kilemba: mpangaji anatoa fedha nyingi mwanzoni kwa ajili ya nafasi, mahali palipo na watu, na anachokilipia ni mtaa na wapita njia. Hakuna anayetoa kilemba kikubwa zaidi kwa sababu paa linavuna maji. LUKU nayo imeongeza kichekesho chake, maana kodi ya majengo, ambayo kisheria ni ya mwenye jengo, inakatwa kwenye mita anayoinunulia umeme mpangaji, kisha mpangaji anaambiwa akadai kwa mwenye nyumba. Wanaodai na kulipwa wanahesabika. Ukimpa mwenye jengo ruzuku katika mazingira haya, utakuwa umemwongezea thamani ya mali yake kwa fedha ambayo sehemu yake imetoka kwa mpangaji aliyelipa ushuru, na mwaka unaofuata atampandishia kodi kwa kuwa sasa jengo lina sola.

Waliotangulia wamekutana na hayo. Singapore ilianza mwaka 2006 kwa mfuko wa dola zake milioni 20 kuwavuta wajenzi wafikie viwango vya kijani, lakini haikukaa hapo. Mwaka 2008 ikaweka kiwango cha chini cha lazima kwa majengo makubwa mapya. Ruzuku ilikuwa ya kuwazoesha wajenzi na mafundi kabla ya sheria kufika. Rwanda haikuanza na mfuko wa hundi. Mwaka 2019 iliingiza katika kanuni zake za ujenzi mfumo wa alama za chini ambazo jengo kubwa la biashara lazima lizipate ndipo lipewe kibali: mwanga wa asili, hewa, maji ya mvua, vifaa vya ndani. Jiji la Berkeley huko California lilibuni mwaka 2008 njia ya tatu, ambapo mji unamlipia mwenye jengo gharama ya sola na yeye anairudisha taratibu kupitia ankara ya kodi ya jengo. Akiuza, deni linabaki na jengo. Kwa bahati sisi tayari tuna ankara ya kodi ya majengo inayokatwa kila mwezi bila mtu kukimbizwa. Kitaalamu LUKU ingeweza kubeba marejesho ya tangi. Kisiasa, baada ya kelele za tozo za miamala ya simu, sijui ni waziri gani angelipeleka pendekezo hilo bungeni akiwa na tabasamu.

Kenya iko karibu zaidi na inafundisha kitu kingine. Kaunti ya Makueni ilijitungia mwaka 2015 kanuni za mfuko wa mabadiliko ya tabianchi na kujifunga kutenga angalau asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Kaunti ina bunge lake, kwa hiyo iliweza. Fedha zilienda zaidi kwenye mabwawa ya mchanga na visima kuliko kwenye maduka, na sioni kosa hapo. Tanzania nayo ina ruzuku za tabianchi zinazotolewa kwa halmashauri kwa kuangalia utendaji, zilizojaribiwa Dodoma katika Chamwino, Kondoa na Mpwapwa, na mwelekeo ni ule ule. Hata Zambia, ambayo mwaka 2022 ilipandisha mfuko wa maendeleo wa kila jimbo kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7, haikuutenga kwa majengo ya biashara ya watu binafsi. Mtu wa Tunduma anayevuka kwenda Nakonde akitarajia kukuta mfano wa kuiga atarudi na mahindi.

Tukiacha watu binafsi, kuna mjenzi mmoja wa majengo ya biashara ambaye hakuna haja ya kumbembeleza kwa ruzuku, naye ni halmashauri yenyewe. Masoko, stendi, maegesho ya malori na vibanda vya kupangisha ni majengo ya biashara, na kwa miaka kadhaa serikali kuu imekuwa ikizipa halmashauri fedha za miradi ya kimkakati hasa ili zijenge vitu vya namna hiyo na kujiongezea mapato. Stendi ya Magufuli kule Mbezi na soko kuu la Morogoro lililopewa jina la Chifu Kingalu ni matunda ya kipindi hicho. Hii ndiyo ruzuku ya majengo ya biashara tuliyo nayo kweli. Imekuwa ikipimwa kwa swali moja, nalo ni mradi utarudisha mapato kiasi gani. Swali la pili, kwamba utatumia maji na umeme kiasi gani kwa miaka thelathini ijayo, lingeweza kuongezwa kwenye fomu hiyo hiyo kwa kalamu ya mtu mmoja. Bili ya taa za mchana katika soko la bati ni upungufu wa mapato kama ulivyo mwingine wowote.

Lakini historia ya jirani inatutaka twende taratibu. Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, mwendo wa kilomita mia moja na kidogo kutoka Tunduma, liliungua mwaka 2006. Halmashauri ikaamua kulijenga upya kwa mkopo wa benki ya CRDB. Ujenzi ulichelewa kwa miaka, gharama zikapanda, na lilipofunguliwa wafanyabiashara walilalamikia kodi ambazo zilipangwa kwa kutazama deni kuliko kutazama mauzo. Jengo zuri lenye kodi isiyolipika ni jengo tupu, na jengo tupu halihifadhi mazingira ya mtu yeyote. Kila shilingi inayoongezwa kwenye soko kwa jina la ukijani itatafutwa kwa mpangaji kama hakuna aliyeamua mapema kuwa haitatafutwa kwake.

Kuna wanaosema jibu ni hati fungani. Mamlaka ya Maji Tanga ilitafuta mwaka 2024 shilingi bilioni 53.12 kwa hati fungani ya kijani ya miaka kumi yenye riba ya asilimia 13.5, na wawekezaji walileta zaidi ya kilichoombwa. Mwaka mmoja kabla, Kijani Bond ya CRDB, benki yenye ithibati ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi tangu 2019, ilikusanya zaidi ya bilioni 171 ilhali ilitaka 40. Fedha zipo na zinatafuta pa kwenda. Tanga, hata hivyo, ina maelfu ya mita za maji zinazolipa kila mwezi. Halmashauri ya mji wa mpakani ina mapato yanayopanda na kushuka kwa foleni ya malori, na soko lake likifungwa wiki mbili kwa sababu ya mlipuko wa ugonjwa ng'ambo, kama Zambia ilivyoufunga mpaka wa Nakonde Mei 2020, mwenye hati fungani hatasubiri. Riba ya asilimia 13.5 kwa tangi la mvua ni ghali.

Ninayoiona kuwa njia ya karibu zaidi haihitaji Dodoma wala soko la hisa. Katika miji mingi halmashauri haijengi vibanda yenyewe. Inampa mfanyabiashara kiwanja, yeye anajenga fremu kwa fedha zake, anakaa kwa miaka ya mkataba akilipa kodi ndogo ya pango, na mwisho jengo linarudi kwa halmashauri. Mikataba hii imezaa migogoro isiyoisha, hasa pale mwenye mkataba anapompangisha mtu mwingine kwa bei mara nne ya anayolipa yeye. Lakini ndani yake kuna ruzuku ambayo tayari inatolewa bila masharti: kodi ya chini. Halmashauri ingeweza kuiuza kwa kitu. Mjenzi wa vibanda apewe mwaka mmoja au miwili zaidi ya mkataba akichimba tangi la zege lenye ukubwa uliokubaliwa, akatumia matofali yasiyochomwa, akaacha paa lenye mwanga na chemba inayofikiwa na gari. Fedha haitoki mfukoni mwa mtu leo. Mwishoni halmashauri inarithi jengo bora kuliko lile ambalo ingelirithi, kwa hiyo aliyegharamia na atakayenufaika, angalau safari hii, wanakuwa upande mmoja wa meza.

Kazi ngumu itakuwa ya mkaguzi. Tangi la chini ya ardhi halionekani, na mhandisi wa halmashauri asiyefika siku ya kumwaga zege hawezi kujua kilichozikwa. Baada ya ghorofa moja la Kariakoo, si lile Soko Kuu, kuporomoka Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, nchi nzima ilikumbushwa kuwa kibali kilichogongwa muhuri hakishiki nguzo. Tunduma ingehitaji watu wawili watatu wenye pikipiki na mamlaka ya kusimamisha ujenzi, na mshahara wao ndio ungekuwa matumizi halisi ya fedha taslimu katika mpango mzima. Mkataba wenyewe ungeandikwa kwa ukurasa mmoja: ukubwa wa tangi, aina ya tofali, tarehe ya ukaguzi, na adhabu ya asiyetimiza. Vipengele vitatu vya kwanza vitapita asubuhi. Cha nne baraza litakibishania mpaka jioni, kwa kuwa katika miji yetu wanaokaa kwenye meza ile nao huwa wana fremu.